Aliyejenga Jumba la Simba Wawili

S.L.P. 318, Bungoma
3 Septemba 2001

Kwa Mwalimu Nyaruai Gathii, Kitale

Mwalimu,

Salamu nitakupa siku nyingine. Leo sina.

Binti yangu Nasimiyu, karani katika ofisi za wilaya hapa Bungoma, ameniletea kitabu chako kuhusu majengo ya kale ya katikati ya mji wa Kisumu. Alidhani atanifurahisha, kwa sababu nimekuwa fundi wa mawe miaka arobaini na miwili, mpaka magoti yalipokataa. Nikafurahi kweli. Nilisoma habari za stesheni, za bandari, za maduka ya Wahindi yenye baraza za nguzo, za maghala ya pamba kule karibu na ziwa, nikasema mwalimu huyu ana macho. Umeeleza hata jinsi mabati ya zamani yalivyopigwa misumari. Halafu nikafika ukurasa wa thelathini na moja.

Hapo umeandika kwamba Jumba la Simba Wawili, lile la ghorofa tatu lenye simba wa saruji juu ya paa, lilijengwa kati ya 1953 na 1957 na "fundi mkuu Gathii Mathenge akisaidiwa na vibarua wa hapa na pale". Nikajiuliza Gathii Mathenge ni nani. Nikageuza jalada, nikaona jina lako, nikajua. Ni baba yako.

Mwalimu, umedanganya. Na mtu aliyesoma akidanganya, uongo wake unapigwa chapa na kuuzwa dukani. Jumba lile ni la mkono wa ndugu yangu mkubwa, Makokha Wakhungu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na fundi wa kushoto akichonga jiwe, mistari ya tindo yake inalala upande wa pili, si kama ya watu wengine. Nimepita chini ya matao yale mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili niliitambua kazi yake kabla sijavuka barabara. Huyo ndiye kibarua wako wa hapa na pale.

Usifikiri naandika kwa sababu nampenda. Makokha alikuwa mbwa. Mwaka 1954 alitutoroka akaenda Uganda na mwanamke, akamwacha mkewe Nelima na mtoto ananyonya. Hatujamsikia tena. Baadaye Nelima alirudi kwao Cheptais, na shamba la Makokha likabaki mikononi mwangu. Nyumbani kwetu jina lake halitajwi. Wala hakuna mtoto aliyepewa, maana sisi Wabukusu jina tunampa mtoto wakati mwenyewe amekufa, na huyo hatujui kama alikufa ama bado anakula matoke ya watu. Kwa hiyo jina la ndugu yangu limekaa bure miaka arobaini na saba. Mahali pekee lilipobaki ni kwenye yale mawe, na hata huko umelifuta.

Ukurasa wa mwisho umesema kitabu kitachapishwa upya mwezi wa Februari, na mwenye masahihisho aandike. Nimeandika. Toa jina la baba yako, weka la Makokha.

Ni mimi,
Wekoye Wakhungu

*

Tuwan, Kitale
17 Septemba 2001

Kwa Mzee Wekoye Wakhungu, Bungoma

Mzee Wekoye,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali palipo na heshima, sikupaona.

Nimefundisha historia miaka kumi na tisa. Kitabu kile kilinichukua miaka minne, kila likizo nikipanda na kushuka ngazi za Kisumu, nikiomba wenye majengo wanifungulie makabati yao. Sikuandika kwa kubahatisha. Baba yangu, marehemu Mzee Gathii, alinipeleka mbele ya jumba lile mwaka wa 1968 nikiwa na miaka kumi. Alichukua kiganja changu akakiweka ukutani, akasema, "Hii ni mimi nilijenga." Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mtu wa kujisifu, na hakuwahi kurudia maneno hayo tena. Hata gari likitupeleka Kisumu alikuwa anageuza uso likipita pale. Nilidhani ni unyenyekevu.

Wewe hoja yako ni mistari ya tindo. Mzee, mvua ya miaka hamsini imepiga mawe yale.

Mimi nina karatasi. Mjukuu wa mwenye jumba alinionyesha daftari la mahudhurio ya mafundi. Ndiyo, ndugu yako yumo, sikatai. Lakini kwa kuwa umeniita mwongo, ngoja nikuambie jambo moja unalopaswa kulijua kuliko mimi. Unasema Makokha alikimbilia Uganda mwaka 1954. Daftari linaonyesha Makokha Wakhungu alifika kazini kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, mpaka Aprili 1957. Hakuwa Uganda. Alikuwa Kisumu, safari ya asubuhi moja kutoka kwenu. Mtu asiyejua ndugu yake alikuwa wapi kwa miaka mitatu asije kunifundisha mimi nani alijenga nini.

Ukurasa wa thelathini na moja utabaki ulivyo.

Wako,
Nyaruai Gathii

*

Bungoma
25 Septemba 2001

Mwalimu Nyaruai,

Wewe hujui ulichoniandikia. Nimekaa na barua yako siku tatu. Mke wangu ananiuliza kama kuna mtu amekufa.

Mpaka Aprili 1957! Mama yetu alikufa Juni 1955 akimwita Makokha. Alikuwa Kisumu anachonga mawe?

Sikiliza, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Agosti 1954 nilipashwa tohara. Baba yetu alikuwa amekufa, basi Makokha ndiye aliyesimama mahali pake. Alitoka Kisumu kwa baiskeli akafika usiku wa kuamkia siku yenyewe, akasimama mbele yangu kisu kikipita, akanitazama macho kwa macho ili nisitikisike. Sikutikisika. Kabla hajaondoka aliniambia kwamba wanaanza ghorofa ya tatu, na kwamba Desemba, siku ya kutoka jandoni, atarudi na blanketi langu jipya. Kwetu kijana haingii tena nyumbani na kitu cha zamani mwilini. Desemba ikafika. Wenzangu wote walitoka na mablanketi mapya mekundu. Mimi nilimngoja mpaka jua likawa juu kabisa, halafu nikatoka na shuka la mama. Walinitungia wimbo. Wengine wako hai hapa Bungoma, wakilewa wanauimba bado.

Februari 1955 nikadandia lori la mahindi mpaka Kisumu. Sikuruhusiwa kuvuka lango la jengo. Mtu mmoja alishuka kutoka jukwaa la mafundi, mikono imejaa mota ya saruji, akaniuliza kwa Kibukusu mimi ni wa nani. Kibukusu chake kilikuwa na kasoro, nikadhani ni mtu wa upande wa Uganda. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Makokha. Alijifuta mikono, akasema, "Makokha alienda Uganda na mwanamke. Usimngoje." Kisha akaninunulia chai na mkate, akavua koti lake akanipa, maana mvua ilikuwa inanyesha. Koti lile nililivaa mpaka nikaoa. Yule mtu nimemwombea dua miaka yote hii, kwamba angalau mmoja aliniambia ukweli.

Sasa unaniambia Makokha alikuwa juu ya jukwaa lile lile ananitazama nikinywa chai?

Kama ni hivyo, nitamlaani upya. Lakini nataka kuona kwa macho yangu. Wewe una karatasi, mimi nina mawe. Ijumaa nakwenda Kisumu.

Wekoye Wakhungu

*

Bungoma
8 Oktoba 2001

Mwalimu,

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya jumba lile saa nzima, mpaka mlinzi akanijia.

"Sasa mzee, kuna mtu unangoja ama ni ukuta unasoma?"

"Nasoma ukuta."

"Ati unasoma! Na imeandikwa nini, bana?"

"Imeandikwa ndugu yangu."

Alicheka, lakini alikuwa mtu mwema, akanipandisha juu. Ghorofa ya kwanza, mawe yote ni ya Makokha. Ya pili, yote ni ya Makokha. Mvua yako ya miaka hamsini haijafuta kitu, mwalimu, jiwe gumu halifutiki namna hiyo. Siku nyingine pitisha kidole.

Ghorofa ya tatu sasa ni ya mafundi cherehani. Waliniruhusu nitoe kichwa kwenye madirisha ya upande wa ziwa. Dirisha la kwanza, mkono wa kushoto. La pili, la tatu, kushoto. Dirisha la nne, mistari mitatu ya mawe juu ya kizingiti, kuna jiwe moja limeanzwa kwa mkono wa kushoto na kumaliziwa kwa mkono wa kulia. Nusu yake imelala huku, nusu imelala kule. Kuanzia hapo mpaka kwenye simba wako wa saruji, hakuna tena jiwe hata moja la Makokha. Na kazi inaharibika. Viungo vinapanuka. Huyo aliyemalizia alikuwa mwanafunzi bado.

Sasa nijibu. Fundi hahami mkono. Ndugu yangu aliacha kazi katikati ya jiwe, kwenye dirisha la juu kabisa, mahali ambapo mtu akiteleza hakuna cha kushika. Lakini daftari lako linasema Makokha Wakhungu aliendelea kufika kazini mpaka Aprili 1957, Jumatatu hadi Jumamosi.

Makokha huyo alikuwa nani?

Na jambo la pili. Wakati ule wa vita vya kumfukuza mkoloni Wakikuyu walikuwa wanakusanywa mijini, wanapakiwa kwenye malori, wanapelekwa kambini. Sisi wa zamani tuliona. Baba yako alijenga ghorofa mjini Kisumu akiwa Mkikuyu, mbele ya polisi, na hakuna aliyemgusa? Hilo hukuliandika. Daftari linasema nini kuhusu jina la Gathii? Linaishia wapi?

Wekoye

*

Tuwan, Kitale
20 Oktoba 2001

Mzee Wekoye,

Umevuka mpaka. Kwanza uliniita mwongo, sasa unamtuhumu marehemu ambaye hawezi kujitetea. Baba yangu alifika Kitale na panga na jembe, akalea watoto sita, akajenga kanisa kwa mikono yake. Kama ndugu yako alianguka ama alikimbia, hilo ni la ukoo wenu.

Sina la kuongeza kuhusu daftari. Ukiandika tena nitampa kaka yangu barua zako, yeye ni wakili hapa Kitale, na atakujibu kwa lugha nyingine.

N. Gathii

*

Bungoma
29 Oktoba 2001

Binti wa Gathii,

Mpe. Mwambie pia wakili kwamba nilikuuliza jina la baba yako linaishia wapi kwenye daftari, na kwamba ukurasa mzima umeandika bila kujibu. Mtu asiye na cha kuficha angejibu kwa mstari mmoja.

Nina miaka sitini na tatu. Sina haja na pesa yenu wala shamba lenu. Nataka kujua kama nimemchukia maiti.

Wekoye

*

Tuwan, Kitale
2 Desemba 2001

Mzee Wekoye,

Linaishia tarehe 19 Oktoba 1954.

Nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua kuna kitu. Nilipokuwa naandika kitabu nilikwenda pia makaburini Kisumu kutafuta majina ya wajenzi. Kwenye rejista nikakuta: "Gathii Mathenge, fundi, amezikwa 20 Oktoba 1954." Niliona hata kaburi lenyewe, lina msalaba mdogo wa saruji. Baba yangu, mzee, alikufa mwaka 1988, na tumemzika hapa Kitale nyuma ya nyumba. Nilifunga rejista ile nikajiambia ni Gathii mwingine. Mwalimu wa historia! Wanafunzi wangu wakiniletea jibu kama hilo nawapa sifuri.

Barua yako ya mwisho niliishika wiki tatu. Halafu nilimpelekea mama. Anaitwa Wamboi, ana miaka sabini na mitano, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nilimsomea zote, tangu ile ya kwanza. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

Nikamuuliza, "Mama, ni kweli?"

"Wewe unaniuliza na umeshajua?"

"Nataka nisikie kwako."

"Huyo mtoto wa koti bado yuko hai?" akaniuliza. "Si baba yako alifikiri alikufa na baridi!"

Ndivyo nilivyojua. Nakuandikia alivyonieleza, bila kupunguza, maana nimechoka kupunguza.

Baba alikuwa msaidizi wa ndugu yako. Makokha ndiye aliyemchukua alipofika Kisumu hana kazi, akamfundisha kuchonga, na huko juu jukwaani wakapitisha siku wakifundishana lugha. Asubuhi ya tarehe 19 ubao ulivunjika chini ya Makokha kwenye dirisha la nne. Alikufa hapo hapo. Wiki hiyo hiyo polisi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba Kisumu wakitafuta Wakikuyu. Mwenye jumba alikuwa na maiti moja isiyotakiwa kuulizwa, na fundi mmoja aliyebaki, ambaye angechukuliwa kesho yake. Akamwita baba ofisini. Wakakubaliana. Ndugu yako alizikwa kwa jina la baba yangu. Baba akachukua kipande cha ndugu yako, kile kitambulisho cha mkoloni, akawa Makokha Wakhungu, Mbukusu wa Bungoma, mpaka aliporuhusiwa kuwa mtu tena. Angejiita Mjaluo wangemvua nguo na kumjua mara moja. Mbukusu anatahiriwa kama sisi. Ndiyo maana lilikuwa jina la ndugu yako na si la mwingine.

Na ili Makokha awe hai kwenye karatasi, ilibidi asife nyumbani. Kwa hiyo hakuna aliyetumwa kwenu.

Mtu aliyeshuka jukwaani Februari ile, mzee, ni baba yangu. Uganda aliitunga pale pale langoni. Yule mwanamke pia aliwatungia. Mama anasema aliporudi Kitale na kumwambia habari hiyo, jambo lililomtesa halikuwa maiti, lilikuwa jinsi ulivyomshukuru kwa koti.

Nina hasira kiasi kwamba siendi nyuma ya nyumba. Mama anasema nisimhukumu, angekufa kambini, na mimi nisingezaliwa. Najua. Lakini vita viliisha. Uhuru ulikuja. Alikuwa na miaka thelathini na minne ya kuchukua kalamu na kukuandikia mistari miwili, naye akanileta mimi ukutani akasema ni yeye alijenga. Angalau ghorofa ya tatu ilikuwa kweli.

Ukurasa wa thelathini na moja nimeuandika upya. Unasema ghorofa mbili za kwanza na madirisha matatu ya ghorofa ya tatu ni ya Makokha Wakhungu, aliyekufa kazini. Na unasema kilichofuata, pamoja na jina la aliyefanya.

Siombi unisamehe. Niambie unachotaka nifanye.

Nyaruai

*

Bungoma
17 Desemba 2001

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako. Nikachukua jembe nikaenda shambani, nikalima mpaka mkono ukatoka damu, na huu si msimu wa kulima.

Baba yako alikuwa mwoga na mwizi. Aliiba jina la mtu akalitumia mpaka likaisha, akatuachia matusi tumtukane mwenye jina. Miaka arobaini na saba nimemwita ndugu yangu mbwa, mbele ya watoto wangu, kanisani, kwenye pombe. Kumbe alikuwa amelala Kisumu kwa jina la mtu mwingine. Na mimi nimevaa koti la aliyemzika! Nikamwombea! Siku nikikumbuka ile chai natamani niitapike.

Hayo ni yake. Sasa sikia hili la kwangu, ambalo hukuliuliza.

Nilikuandikia kwamba Nelima alirudi kwao Cheptais. Hakurudi. Nilimfukuza. Mwaka 1960 nilikuwa natafuta kuoa, na shamba la Makokha lilikuwa zuri, liko mtoni. Nelima alikuwa anakataa kusema mumewe alimkimbia. Kila mtu aliamini habari ya Uganda isipokuwa yeye. Alikuwa akisema Makokha hawezi kuondoka bila kumuaga, akifunga chakula chake kila Jumamosi kama anakuja. Alituaibisha. Nikaenda pale na wazee wawili, nikasema maneno ambayo siwezi kumwandikia mwalimu, akaondoka na mtoto na sufuria zake siku hiyo hiyo. Alikufa huko mwaka 1991. Sikwenda mazishini.

Baba yako alinipa uongo, ni kweli. Lakini hakuniambia nichukue shamba.

Mtoto yule ni Nakhumicha, mama mzima sasa, anauza nguo sokoni Cheptais. Nimemwandikia barua tatu mwezi huu. Zimerudi zote bila kufunguliwa.

Ninachotaka ni hiki. Ndugu yangu atolewe Kisumu azikwe nyumbani kwake, kwa jina lake. Nimeuliza ofisini. Wanasema mwenye haki ya kuomba kibali cha kufukua kaburi la Gathii Mathenge ni mtoto wa Gathii Mathenge. Ni wewe. Mimi kwa serikali si lolote kwa maiti yule. Nenda katie sahihi. Na ukipata nauli, pita Cheptais, umsomee Nakhumicha barua yako yenye maneno ya mama yako, kwa maana mimi mlango wake haunifungukii.

Nimemtengea Makokha mahali mtoni, chini kidogo ya nyumba yangu. Udongo ni laini hapo.

Wekoye

*

Cheptais
9 Februari 2002

Kwa Mzee Wekoye Wakhungu, Bungoma

Mzee Wekoye,

Kwa desturi yetu wewe ni baba yangu. Sitakuita hivyo.

Mwalimu Nyaruai alikuja hapa akiwa na kibali mkononi. Alilala siku mbili. Alinisomea barua zenu zote, za kwake na za kwako, hata zile alizokuwa anatukana. Nilimpa chakula. Nilimwambia baba yake alitufanyia ubaya mkubwa, akasema ndiyo, na hakujitetea, na kwa sababu hiyo tutazungumza tena, mimi na yeye. Wewe umejitetea kurasa tano kabla ya kulitaja jina la mama yangu kwa ukweli.

Unasema umemtengea baba mahali mtoni. Pale si pako pa kumtengea mtu. Pale ni kwake, na wewe umekaa pale miaka arobaini na mmoja ukila ndizi za mama.

Baba hatakuja Bungoma. Najua wazee watasema ni aibu mwanaume kuzikwa nje ya shamba lake, kwa watu wa mkewe. Nimewajibu wale wa huku, na wa kwenu utawajibu wewe. Atazikwa hapa Cheptais kando ya mama, kwenye ardhi aliyoinunua mama kwa kuuza mboga. Mama ndiye pekee aliyemngoja, basi atakuja kwa aliyemngoja.

Mwalimu atamleta tarehe 2 Machi. Wewe utatangulia wiki mbili. Kaburi utalijenga wewe, kwa mawe, na mawe utayachonga hapa hapa uani nikikutazama. Usilete mtu wa kukusaidia. Chakula utapewa na mahali pa kulala utapewa, nimeshawaambia watoto wasikukosee heshima.

Shamba la mtoni tutaongea baada ya mazishi, mbele ya chifu.

Kuna jambo moja zaidi. Ulimwandikia mwalimu kwamba kuna maneno huwezi kumwandikia. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimebeba sufuria, nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Ulisema, "Mtu aliyekukimbia hana shamba hapa, na wewe huna mume. Mume wako ni hewa." Halafu wale wazee wawili wakacheka. Mama hakuwahi kuyarudia maneno hayo, lakini siku alipokuwa anakufa aliniuliza kama mimi pia naamini.

Siku ya mazishi watu wataitwa kusema habari za marehemu. Wewe utakuwa wa kwanza. Utasimama kando ya jeneza la baba na kaburi la mama, uyaseme maneno yale yale kama ulivyoyasema, kwa sauti, watu wote wasikie. Kisha useme aliyeyasema ni nani.

Fika mapema, mawe yameshaletwa.

Nakhumicha Makokha